Zima, Tumzike Victor

Igombe, Ilemela
11 Februari 2024

Mwanangu Faith,

Pokea salamu za mama yako. Mimi ni mzima wa kutembea na kuinama. Dorcas mke wa kaka yako hajambo, mtoto wao ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu, hata kona ya mkeka. Jirani yetu Kija anakusalimu sana, anauliza kama huko Ujerumani mnakula ugali. Nimemwambia mnakula, ili aniache nifanye kazi. Dagaa mwezi huu ni wachache, na mvua inavizia. Naanika, naanua, naanika tena, mgongo wangu hauna kazi nyingine.

Najua utashangaa barua wakati simu ninayo. Utanisamehe. Tangu Dorcas aliponionyesha ile video, watu wazima wamekaa sakafuni wanasikiliza kilio changu cha ufukweni siku ile Victor hakurudi, nilisema sauti yangu haitapita tena kwenye mashine. Najua ulikitoa baada ya mimi kulalamika. Ulifanya vizuri. Lakini kilishasikika. Mkono wangu ni wa darasa la nne, kwa hiyo utanisoma polepole.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako mdogo Okomo alikuja kutoka Rorya, amekaa wiki nzima. Alikuja kwa ajili ya kaka yako Victor. Ametafuta yago zuri, lile tunda refu, lina urefu kama mkono wa mtu mzima, ili tumzike nalo badala ya mwili kule Buswelu kwenye kiwanja chetu, ubavuni pa baba yenu, kama wanavyozikwa watu wetu wote ambao ziwa halikuwarudisha. Sanda tayari. Mchungaji tayari. Siku yenyewe asubuhi akaniita pembeni, akaniambia, "Shemeji, hatuziki."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema amepita Igombe, amemkuta Dorcas ameweka simu sikioni anasikiliza ule mtambo wa boya mliouweka ziwani kunasa sauti. Maji yanasikika humo wazi kabisa. Akasema, "Mtu alikwenda kutengeneza kitu, kitu kikapona, yeye hakurudi, na kitu bado kinasema. Nikifukia tunda leo nimemfukia mtu akiwa kazini. Aliyemtuma kazi ndiye amwambie kazi imekwisha. Akizima, niiteni."

Kisha akapanda basi na yago lake.

Faith, sikuandikii kukulaumu. Najua mtambo uliponyamaza mwezi wa kumi na moja ile nyumba yenu ya wasanii ilihangaika, na Victor ndiye fundi mliyekuwa naye, na mtumbwi wa Ngosha mvuvi aliuomba mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma. Ninachosema ni kwamba wewe ndiye kyureta. Uliniambia mwenyewe kazi ya kyureta ni kuchagua kazi za wasanii na kuzitunza. Basi hii kazi ya Hadiya, yule msanii wako, imetosha. Izime, tumzike kaka yako.

Mimi huo mtambo siusikilizi. Ni Dorcas.

Mama yako,
Akelo


Leipzig
9 Machi 2024

Shikamoo mama,

Barua yako imenifikia, bahasha inanuka moshi wa jikoni kwako, nikakaa nayo muda kabla ya kuifungua. Mimi ni mzima. Baridi imepungua kidogo. Ugali nilipika Jumapili kwa unga wa Wahindi, ukawa kama gundi. Mwambie Kija. Mbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake, na Dorcas nampa pole.

Mama, nataka unielewe kuhusu kazi yangu, maana imebadilika. Zamani kyureta alikuwa bwana mkubwa. Alichagua picha, akazitundika ukutani, maonyesho yakiisha akazishusha na kuzima taa. Kazi hizi mpya za sauti na kompyuta hazitundikwi. Zinaishi. Zinataka umeme, bando, fundi, kibali cha serikali, ruhusa ya mwenye ufukwe. Pale Igombe mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, mpishi, mwombaji vibali, mpaka kumpeleka msanii hospitali akiugua malaria. Ulikuwa unanicheka, unasema nimesoma chuo kikuu niwe mlezi wa watu wazima.

Huku ni zaidi. Kyureta haamui peke yake tena. Kuna kamati, kuna wafadhili, kuna watu wa mitambo, hata wasikilizaji wanapiga kura kwenye mtandao kazi ipi iendelee. Mimi nasimama katikati tu, napokea maneno huku nayapeleka kule. Nikisema zima, hawazimi kwa neno langu.

Nitawaandikia kamati. Watakutana Aprili. Mwambie baba mdogo avumilie.

Kula vizuri. Usibebe ndoo kubwa.

Binti yako,
Faith


Igombe
4 Aprili 2024

Mwanangu mpenzi,

Salamu. Sisi tupo. Kifua kilinibana kidogo, Kija akaniletea tangawizi na maneno mengi, tangawizi ndiyo iliyosaidia. Mtoto anasimama kwa kushika ukuta. Nimeuza dagaa Kisesa, wamenipokea vizuri ingawa walikuwa na mchanga, mvua ilinikuta sijaanua.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, Dorcas anasikiliza, akaniuliza, "Mama, sasa kama kila mtu anaamua, nani anazima?" Nakuuliza wewe.

Faith, hali ya hapa ni mbaya na sitakuficha. Kaka zake Dorcas walikuja wawili. Walikaa hapo nje, chai yangu wakaiacha ipoe. Mkubwa akasema, "Mama, dada yetu ni nani hapa? Ni mke? Mume yuko wapi? Ni mjane? Kaburi liko wapi?" Nikasema mnipe muda. Mdogo akacheka, si kicheko cha furaha, akasema, "Muda wa nini? Mnangoja mashine iishe chaji?" Kija aliyekuwa anapita akamwambia ainuke aende akacheke kwao. Wakaondoka. Lakini hawakusema uongo.

Dorcas hajalia. Unanielewa? Tangu Novemba hajalia hata siku moja. Anaosha vyombo, ananyonyesha, anaweka simu sikioni. Nguo za Victor zipo msumarini vilevile, ukizigusa anageuka. Nywele hajanyoa, maana anyoe kwa nini, nani amemwambia ni mjane? Nikimwambia, "Binti yangu, lia," ananiambia, "Mama, mbona anatengeneza bado." Naogopa. Nilimwona mwanamke wa Kayenze aliyekaa hivyo, mwishowe akaingia majini na nguo zake zote. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Na huyo mtambo nao hauna adabu. Juzi mvua ilivyopiga, ule mlio ukawa kama mtu anayesugua sufuria, halafu ukatulia, halafu kitu kikagonga mara kwa mara, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuamsha mtoto. Dorcas aliinuka akavaa kandambili. Nikamshika gauni.

Waambie hao kamati. Kama hawaelewi yago waambie tu kuna mama ana mtoto hajazikwa. Hilo linaeleweka kila nchi.

Nakuomba, nyathina, mwanangu. Nakuomba.

Mama Akelo


Leipzig
13 Mei 2024

Shikamoo mama,

Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Nimetuma na mtu sweta ya mtoto na viatu vya Dorcas, atavileta mpaka Mwanza mjini, utapigiwa. Pokea simu ya huyo tu.

Kamati haikukutana Aprili. Wamesogeza mbele. Kuna mazungumzo kwamba maonyesho yaongezwe hadi mwaka ujao, maana chumba cha Hadiya kinajaa. Ni chumba cheusi, mama, hakina picha hata moja, watu wanakaa sakafuni wanasikia ziwa letu likiwa pale pale, saa hiyohiyo. Kuna bibi mmoja anakuja kila asubuhi na kiti chake cha kukunja. Aliniuliza ziwa lina jina gani. Nikamwambia sisi tunasema nyanza tu. Akaandika mkononi.

Nisikilize kidogo. Je, tukingoja? Magugu maji yakipungua, watu wakitafuta tena upande wa visiwa? Kuna wanaopatikana baada ya muda.

Umejuaje kuhusu ule mlio wa kugonga? Ulisema husikilizi.

Faith


Igombe
6 Juni 2024

Faith,

Salamu. Nguo zimefika. Viatu vya Dorcas vimemtosha.

Leo siandiki habari za kuku.

Hadiya amekuja. Msanii wako, mwenye kazi yenyewe. Yupo Mwanza kwao, kwa baba yake muuza vitambaa. Alikuja na sukari na mchele, amejifunga ushungi, akasimama mlangoni hataki kuingia kama mtu aliyeiba. Nikamwambia, "Ingia mwanangu, hapa hatung'ati, anayeng'ata ni huyu mdogo tu." Akaingia. Akamwangalia mtoto, akaanza kulia kabla hata sijampa kigoda.

Nikafikiri hii ndiyo nafasi yangu. Nikamwambia, "Hadiya, kazi ni yako. Wewe si ungewaandikia hao wakubwa wa huko wakuzimie? Labda wewe watakusikia."

Akanitazama. Akasema, "Mama Victor, mimi niliandika Januari."

"Uliandika nini?"

"Niliandika kizimwe. Nilisema sitaki jina langu kwenye kazi iliyomchukua mtu. Wakakubali palepale. Wakasema inabaki familia tu iridhie, na anayeisemea familia ni kyureta, kwa sababu ni ndugu."

Nikamwuliza, "Na kyureta alisema nini?"

Alishika ushungi wake akaukunja, akaukunja. Nikamwambia, "Sema, mwanangu, nimeshasikia mabaya kuliko hayo."

Akasema, "Alisema familia inataka iendelee."

Faith. Familia gani hiyo? Mimi ndiye familia. Dorcas ndiye familia, na huyu anayeng'ata mikeka. Hakuna kamati. Hakuna kura ya mtandao. Ni wewe na kidole chako. Umeniacha namwombea dua kila Jumapili mzungu ambaye hayupo, Mungu amlegeze moyo, kumbe moyo wenyewe niliuzaa mimi.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kuwasha moto. Ngosha alipita, nikamweleza, akasema, "Mama, nipe panga, naenda kulikata boya saa hii hii na kamba zake." Alikuwa ameshashika kasia. Nikamwambia kaa chini.

Unajua kwa nini nilimkataza? Nilikuona. Nilikuona umekaa kwenye hicho chumba cheusi na huyo bibi wa kiti cha kukunja, maonyesho yamefunguliwa au yamefungwa, wewe upo. Nikajua ukisikia panga utafikiri kaka yako ameuawa mara ya pili, na safari hii na mama yake.

Uliniuliza nimejuaje ule mlio. Nasikiliza, mwanangu. Dorcas akilala mchana nachukua simu yake. Lile boya likigongwa na gogo naacha dagaa juani nakimbia mpaka maji yananifika kiunoni. Wanaoanika karibu yangu walikuwa wanakuja kunishika. Siku hizi wananiangalia tu, wanaendelea kugeuza dagaa wao. Kwa hiyo usifikiri mama yako anaomba kizimwe kwa sababu ana moyo mgumu. Naomba kwa sababu najua kinavyofanya. Kinatuahidi. Kila siku kinatuahidi na hakitoi.

Ulisema kazi yako ni kusimama katikati, unapokea maneno huku unayapeleka kule. Basi haya ni yangu, yapeleke. Sitamtuma Ngosha. Okomo alisema aliyemtuma ndiye amwambie. Umwambie wewe. Mwambie kazi imekwisha, mtambo umepona, apumzike.

Dorcas leo asubuhi nimemkuta amesimama majini na mtoto mgongoni. Alisema anafua. Hakuwa na nguo mkononi.

Haraka, Faith.

Mama


Leipzig
29 Juni 2024

Mama,

Barua yako nimeipata jana.

Sitaki kukuandikia sababu. Ni kwamba siku ile mtambo ulinyamaza asubuhi, na mchana ukarudi. Nilikuwa ofisini pale Igombe nimevaa vile vya masikioni. Kabla maji hayajasikika, nilisikia kucha za Victor zikikwaruza ile maiki, kisha akakohoa, kisha akasema, "Haya, dada." Basi. Halafu ikawa ziwa. Nilikuwa na furaha, mama. Niliwaambia wote imepona. Sikuangalia tena saa, wala kama amerudi nchi kavu.

Nikizima, nani atakuwepo akiita tena? Hilo tu. Najua ni ujinga. Nilikuwa naujua kila siku na kila siku nilikuwa nakaa.

Leo mchana nilikwenda chumbani, kulikuwa na watu, sikuwafukuza. Nilitaka kuwaeleza kitu cha maana, nikashindwa Kijerumani na Kiingereza pia. Nikasema tu hii inafungwa sasa. Nikainama kwenye spika, nikamwambia kwa lugha yetu, Victor imetosha, imepona, rudi nyumbani kwa mama. Najua sauti inakuja kutoka ziwani na haiendi. Nilimwambia hivyo hivyo. Kisha nikazima.

Walipiga makofi, mama. Walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Kijana mmoja akaniuliza kama hiyo ni sehemu ya kazi. Nikamwambia hapana, ni msiba. Akanipa hongera. Ni yule bibi tu aliyekunja kiti chake, akanishika bega, akaondoka.

Wakubwa wameniita Jumatatu. Maonyesho yalikuwa yameshatangazwa hadi mwaka ujao na mimi ndiye niliyewaambia yanaweza. Wataniambia watakaloniambia.

Mwiteni baba mdogo.

Mama, huku kimya ni kikubwa sana. Sijui nifanye nini na mikono yangu.

F.


Igombe
22 Julai 2024

Nyathina,

Tumemzika Jumamosi.

Kabla ya barua yako kufika tulishajua. Siku ile mchana Dorcas alikuwa nje na simu, mimi nafagia samadi ya mbuzi. Nikamwona anaitikisa simu. Anaizima, anaiwasha. Akaninyooshea, akasema, "Mama, tazama, labda bando limeisha." Nikatazama, bando lilikuwepo. Nikamwambia, "Dorcas, dada yake amemaliza." Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Faith, ule mlio aliotoa huyo msichana, sijausikia hata kwa mwanamke anayejifungua. Kija alitoka kwake bila kanga. Wanawake wakaja kutoka kwenye dagaa, wale wale waliokuwa wanaangalia tu, wakamshika. Alilia mpaka jioni na kesho yake. Walimnyoa. Sasa anakula kidogo.

Okomo alileta yago lingine, lile la kwanza lilikauka. Wakalivika sanda, wakaliweka kwenye sanduku, tukaliimbia kama mtu. Hadiya alikuja na baba yake, wakasimama nyuma na wanaume. Ngosha alichimba yeye mwenyewe na hakutaka kupokezana. Okomo alipoita jina la Victor akasema pia kwamba dada yake aliyemtuma amemruhusu. Watu wakaitikia.

Nilifikiri mchanga ukishaingia nitapumzika. Ndivyo nilivyokuwa nakuandikia miezi yote hii, zima tumzike, zima tumzike, kama mtu anayejua nini kinafuata. Sikujua. Nimeona tunda linashuka, nikataka kuwaambia ngojeni. Nilifungua mdomo. Okomo akaniona, akanikazia macho, nikafunga. Tangu Jumamosi naanika dagaa na gogo likigonga maji sigeuki, na kule kutogeuka kunaniuma kuliko kukimbia.

Sina wa kumngoja tena ziwani. Nakaa mlangoni hata hivyo, mwili umezoea kungoja, na nimegundua barabara ninayoiangalia siyo ya majini. Ni ile inayotoka uwanja wa ndege.

Hukuniambia wakubwa walisema nini Jumatatu. Sikuulizi. Wakikufukuza ni vizuri, wakikubakiza waage. Hukuniambia kama unakula, na ulikuwa huachi kuniambia hata ugali ulivyoharibika. Umeandika hujui ufanye nini na mikono yako. Mimi najua mtu akiandika hivyo anakuwa amesimama wapi. Nimemshika Dorcas gauni kwa mikono yangu. Wewe gauni lako silifikii.

Nimekwishazika mmoja bila kumwona. Usinipe wa pili.

Usijibu barua hii. Ukijibu nitajua bado upo huko. Njoo.

Mama yako